Mtawala Asiye Mwislamu na Kudra ya Mwenyezi Mungu

Katika darsa letu kijana mmoja aliuliza: Je, yawezekana Mwenyezi Mungu awanufaishe Waislamu kwa mkono wa mtawala asiyekuwa Mwislamu? Mzee aliyeketi karibu naye akamkemea, akasema kwa kafiri haitoki kheri. Mwengine akasema kila mtawala amewekwa na Mungu, basi na tunyamaze. Majawabu yote mawili yana madhara, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Qur'ani Tukufu yatufundisha kuwa mamlaka yote ni milki ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye apaye na ndiye aondoaye. Lakini kupewa si kuridhiwa. Nabii Suleiman alipewa ufalme, na Firauni pia alipewa. Kiti peke yake si hoja ya wema wala ya ubaya wa mwenye kukikalia; mizani ni uadilifu.

Tutazame habari ya Najashi, mfalme wa Habasha. Mwaka 615 Waislamu walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza kwake kwa kuwa katika nchi yake hakudhulumiwa mtu, naye siku hiyo alikuwa Mnasara. Makureshi wakamtuma Amr bin Al-Aas na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi hakukubali kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza walivyokuwa zamani na walivyofunzwa na Mtume, na mfalme akakataa kuwatoa. Kesho yake Amr akaja na hila nyengine, akasema watu hawa wanamtukana Isa. Hapa ndipo penye somo kubwa. Jaafar angaliweza kusema maneno ya kumpendeza mfalme, lakini alisema lile alilofunzwa: kuwa Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Najashi akawapa amani, na zawadi za Makureshi zikarudishwa. Kusilimu kwake kunakosimuliwa na wanavyuoni ni kwa baadaye, hifadhi ilitangulia.

Na Mut'im bin Adiy, mmoja wa wakubwa wa Makka, alikufa hali ya kuwa mshirikina. Hata hivyo ndiye aliyemlinda Mtume akaingia Makka aliporudi kutoka Taif. Mtume hakuusahau wema huo: baada ya vita vya Badr alisema kuwa lau Mut'im angalikuwa hai na akawaombea mateka, angalimwachia.

Upande wa pili, mwaka 692 aliyeizingira Makka na kuipiga kwa manjaniki hakuwa kafiri. Alikuwa Hajjaj bin Yusuf, jemadari wa dola ya Kiislamu. Basi jina la Uislamu halikumzuia mtu huyu na dhulma, na Unasara haukumzuia Najashi na haki.

Ewe ndugu msomaji, yatupasa tumshukuru mtenda haki awaye yote, wala tusimtetee dhalimu kwa kuwa twaswali naye safu moja. Lakini kushukuru si kuiuza dini, wala kutegemea kudra si kulala. Nabii Yusuf hakungoja apewe kazi. Alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na kwa kazi yake watu wakaokoka katika miaka 7 ya ukame.

Na sisi wa pwani tuna mfano wetu. Tangu 1963 Kenya haijapata Rais Mwislamu, lakini Mahkama za Kadhi zilitajwa katika mapatano ya mwaka huo baina ya viongozi wa Kenya na Zanzibar, nazo zimo katika Katiba ya 2010. Hazikubaki kwa dua peke yake. Walikuwako Waislamu waliosimama wakazitetea. Asemaye kwa kafiri haitoki kheri hatakwenda kudai haki yake, na asemaye tunyamaze hatakwenda vile vile. Wote wawili watakuta mlango umefungwa, kisha waseme ni kadhaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli mbele ya kila mtawala. Amin.