Mtoto Asomee Nini Nyumbani?

Wazazi kadhaa wametuuliza: mtoto atakayesomea sekondari nyumbani afundishwe nini? Njia ya mtihani ipo. Huanza na Mtihani wa Maarifa. Shida ni vitabu. Wengine wanataka Biblia pamoja na Plato na Shakespeare. Wengine wanasema hayo ni ya Wazungu, heri jembe.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twamkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Mtu yule yule!

Basi mtoto asome habari za mkopeshaji anayedai ratili ya nyama kwa mujibu wa mkataba. Kisha ayatazame milima yetu ya Uluguru, ambako mwaka 1955 watu walikataa kulazimishwa kuchimba matuta. Je, amri ya kuhifadhi udongo yaweza kuwa dhuluma kwa mwenye shamba?

Kijana mmoja alituuliza hivyo darasani zamani. Tulimwambia akae, mtihani u karibu. Hata leo hatujamjibu.