Gitaa Lenye Mkwaruzo

Sisi tunaonunua vitambaa Zhongda tunajua jora lenye doa huuzwa kwa punguzo. Sasa kwaya imepata gitaa lenye mkwaruzo, bei nafuu, na baadhi yetu wanauliza: je, Malaki 1 haikemei sadaka yenye kilema?

Tusome vizuri. Wale walimtolea Mungu mnyama kipofu ambaye wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Mkwaruzo wa rangi hauharibu sauti. Shingo iliyopinda huiharibu, ukaze nyuzi utakavyo. Hilo tusinunue hata kwa bei ya kutupa.

Na anayenunua vyombo hivi akauze Kariakoo, amwonyeshe mteja mkwaruzo kabla ya kupokea pesa. Hata doa la jora, ndugu zangu, tusilikunje kwa ndani.