MTOTO MCHANGA ALIYE HOSPITALI NI AMANA YA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, alinijia mtu mmoja baada ya sala ya alasiri. Mkewe alijifungua kwa mwezi wa saba. Mtoto akatiwa chumba cha watoto wagonjwa, na mama akalazwa kwengine. Baba alilipa alichotakiwa, akaketi nje ya mlango. Hakuna aliyemwita, wala yeye hakuuliza. Siku ya nne akapewa maiti. Akaniambia, "Sheikh, mara ya kwanza kumshika mwanangu ilikuwa siku ya kumwosha. Je, nina dhambi?"

Nilimjibu kuwa asiyejua hana lawama kama ajuaye, na kuwa ajali ya kila kiumbe imekwisha andikwa. Lakini suala lake latuhusu sote: mtu ampelekapo mwanawe hospitali, je, amana imemtoka mkononi?

Haikumtoka. Kumpeleka mgonjwa kwa tabibu ni kushika sababu, na sharia yaridhia. Lakini tabibu ni msaidizi wa mzazi, si badala yake. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewataja wazazi wote wawili katika jambo la kunyonyesha: mama ana kazi yake, baba ana wajibu wa chakula na mavazi, na hata kumwachisha mtoto ziwa kwataka ridhaa na shauri lao wawili. Na Imamu Nawawi, katika Minhaj, amemlazimisha mama kumpa mwanawe dang'a, yale maziwa ya kwanza. Basi yafaaje kuwatenga pasipo dharura?

Na ilimu ya matabibu yashuhudia hayo. Mwaka 1978, mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, tabibu Edgar Rey Sanabria alianza kuwapa akina mama watoto wao njiti wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vyombo vya kuwatia joto vilikuwa haba. Na mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo. Watoto wadogo waliobebwa kifuani tangu mwanzo walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28; waliongojewa kwanza hali zao zitulie walikufa karibu 16. Ni nani atakayesema roho hizo nne ni kitu kidogo?

Wako wasemao, "Hiyo ni kazi ya wanawake, mwanamume huona haya." Haya gani? Al-Aqraa bin Habis aliposema kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimwonya kuwa rehema hunyimwa mwenye kuizuia. Na kifua cha baba kina joto kama cha mama.

Wengine husema jamaa huleta uchafu na kelele. Ni kweli, wakiingia kundi zima. Lakini dawa yake ni kufundisha, si kufunga mlango. Na aingie mzazi, avue pete na saa, aoshe mikono mpaka viwikoni, amtii muuguzi, ajifunze kumlisha mwanawe na kuzijua dalili za hatari. Maana siku mtoto atakaporudi nyumbani, muuguzi hatakuwako.

Basi ewe baba, usiketi nje ukanyamaza. Uliza kwa adabu maradhi ya mwanao, omba kuingia, mpokee mkeo mtoto apate kupumzika. Akiishi, utakuwa umeshiriki katika uhai wake. Akifa, atakuwa amekufa naye amekwisha pakatwa na waliomzaa.

Yule ndugu aliyenijia, namwombea Mwenyezi Mungu amjaalie mwanawe awe mtangulizi wake na akiba yake Akhera. Na sisi tulio hai atupe taufiki ya kuchunga amana zetu. Amin.