Boazi Alikwenda Langoni

Somo: Ruthu 4:1–12



Kitabu cha Ruthu tunakipenda kwa sababu ya upendo wa mke yule kwa mama mkwe wake. Leo tutazame jambo jingine lililomo.

Njaa iliwatoa Elimeleki na Naomi Bethlehemu, wakaenda kukaa ugenini Moabu. Naomi aliporudi, mgeni sasa alikuwa Ruthu, mjane Mmoabu. Boazi alimkuta akiokota masazo shambani, akampa chakula na maji, akawakataza vijana wake wasimguse. Hiyo ilikuwa huruma, na ilikuwa njema. Lakini mavuno yakiisha, Ruthu angekula nini? Ndipo katika sura ya 4 Boazi anatoka shambani na kwenda lango la mji, mahali pa kukatia mashauri. Anaketi pamoja na wazee kumi, na mbele yao anasema kwa ajili ya mwanamke asiye na sauti pale langoni.

Ndugu zangu, shamba la Boazi tunalijua vizuri. Mtu akishuka mtumbwini hapa mwambao wa Nyasa, hatumwulizi kwanza anatoka wapi. Tunampa ugali wa muhogo na usipa, anakula. Lakini je, langoni tunakwenda?

Tukumbuke tulikotoka. Wazee wa Kimatengo husimulia jinsi babu zao walivyokimbilia milimani wakati wa vita vya Wangoni. Injili nayo ilitufikia kwa njia ya maji, kutoka kisiwa cha Likoma, ambacho leo kipo nchi ya Malawi. Padre William Percival Johnson, aliyezunguka ziwa hili miaka mingi akihubiri, alikuwa mgeni kutoka Uingereza. Alifariki mwaka 1928, na kaburi lake lipo Liuli. Imani yetu wenyewe ililetwa na wageni waliopokelewa.

Tena, vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni. Wengi waliwekwa Lundo, karibu na Liuli, na wengine Muhukuru upande wa Songea. Serikali, Umoja wa Mataifa na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, walishirikiana, na wakimbizi wakapewa mashamba ya kulima. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya kazi ya kuwasaidia wakimbizi. Na mwaka 2014 Warundi waliokimbia mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walianza kupewa hati za uraia. Waliokubaliwa walikuwa zaidi ya 160,000.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini isikilizeni vizuri. Anayepewa jembe amepewa na mahali pa kulima. Jembe bila shamba ni dhihaka.

Leo katika wilaya za Mbinga na Nyasa wapo watu waliozaliwa ng'ambo, wameoa kwetu, wamezaa kwetu, tunashiriki nao Meza ya Bwana. Akitokea mmoja amechuma kahawa ya mtu msimu mzima, naye akanyimwa ujira na kuambiwa, "Nenda ukashtaki, mgeni wewe," nani atasimama naye? Torati haikunyamaza: kibarua, awe ndugu au mgeni, alipwe kabla jua halijatua (Kumb. 24:14–15).

Wengine watasema, "Padre, serikali ina sheria zake." Ni kweli, na Kanisa haliwafundishi watu kuficha uhalifu. Lakini mtazameni Boazi. Hakumruka ndugu aliyekuwa karibu zaidi kwa haki ya ukombozi. Alimwita, akasema naye mchana, mbele ya mashahidi. Kwenda langoni ndiko kuiheshimu sheria. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inayo njia ya mgeni kuomba uraia. Anayeikosa njia hiyo mara nyingi ni yule asiyejua kusoma fomu na asiye na wa kumshuhudia.

Basi, nawaomba mambo matatu. Kwanza, anayejua kusoma na kuandika amsaidie jirani yake kujaza karatasi zake, tena kwa ukweli. Pili, wazee wa Kanisa waende pamoja naye ofisi ya kijiji au ya Uhamiaji, waseme miaka waliyomfahamu. Tatu, mkutano wa kijiji ukianza kumtukana mgeni asiye na kosa, Mkristo asitazame chini. Ainuke, aseme.

Boazi alipata hasara? Ruthu alimzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Na katika ukoo huo alizaliwa Bwana wetu, ambaye naye alibebwa usiku kukimbilia Misri. Huenda Misri nako alikuwapo mtu aliyewasemea. Jina lake hatulijui, lakini Mungu analijua.

Bwana atupe mikono ya kulisha, na kinywa cha kusema langoni. Amina.