Lazima ya Nani?

Wengi wetu tumezaliwa tarehe 1 Januari. Angalia karatasi yako, halafu ya jirani. Mama zetu hawakukubaliana hivyo! Fomu ilidai siku na mwezi, mtu alijua mwaka tu, basi karani akaweka siku ya kwanza ili foleni isogee.

Mimi naishi Wanyange, hapa Jinja, na kazi yangu ni kuandika programu. Nataka niwaeleze hiyo "lazima" inatoka wapi, maana mara nyingi hakuna mtu aliyekaa chini akaiamua.

Mwandishi wa programu anaeleza mtu kwa msimbo: jina, jina la familia, tarehe ya kuzaliwa. Kisha programu nyingine inasoma msimbo huo na kutoa skima, yaani kanuni ya data ipi ikubaliwe. Katika JSON Schema kila kipengele ni hiari mpaka kitajwe kwenye orodha ya vya lazima. Katika TypeScript ni kinyume: kila kipengele ni lazima mpaka ukiwekee alama ya kuuliza. Ukisahau alama hiyo moja, skima inayotoka inageuza usahaulifu wako kuwa sheria. Na anayelipa ni yule aliye kwenye foleni.

Hapa Busoga mtoto hupewa jina lake kutoka majina ya ukoo, hivyo ndugu wa baba mmoja wanaweza wasifanane jina hata moja. Sisi Wakongo wengi tuna majina matatu. Msomali anataja lake, la baba, la babu. Fomu ikidai "jina la familia" wote tutajibu, lakini hatutakuwa tumejibu swali moja.

Basi tufanye yote hiari? Hapana. Mtoto aliyefika peke yake ni lazima aulizwe analala kwa nani. Kuacha swali hilo liwe hiari ni kukwepa kazi tu, hata tukiita huruma.

JSON Schema yenyewe inatenganisha mambo mawili: kipengele kuwepo, na kipengele kuwa na thamani. Unaweza kukifanya kiwe lazima na bado ukaruhusu thamani tupu. Hapo rekodi inasema: tuliuliza, haijulikani. Kipengele kikikosekana kabisa, inasema: hatukuuliza. Lazima ya kuuliza ni ya mwenye fomu. Lazima ya kujua huwezi kumtwika mtu aliyekimbia usiku bila karatasi.

Ninyi ndugu wa mashirika mnaotengeneza fomu, kabla ya kuweka alama ya lazima jiulizeni: huyu asipokuwa na jibu, nitamrudisha? Kama hutamrudisha, mpe nafasi ya kusema "sijui". Usipompa, atakupa uongo wenye adabu, nawe utauhesabu kama takwimu.