Macho ya Bwana Msalabani



Mjini Assisi, nchini Italia, umehifadhiwa msalaba uliochorwa ubaoni katika karne ya 12. Ndio ule ambao Mtakatifu Fransisko alisali mbele yake katika kikanisa cha San Damiano. Mtazameni Bwana aliye juu yake: macho yamefumbuliwa, mwili umenyooka, kana kwamba ni mfalme aliyesimama mbele ya taifa lake. Wengine hudhani kwamba wachoraji wa kale hawakujua kumchora mtu anayekufa. Sivyo. Walitaka waamini wauone ushindi wa Pasaka, na ndiyo sababu mara nyingi walipaka dhahabu mahali pa anga, dunia isionekane.

Katika karne ya 13 Wafransisko walihubiri sana Mateso, na wachoraji wakaanza kumfumba Bwana macho na kukiinamisha kichwa chake. Kisha akatokea Giotto. Katika kikanisa cha Scrovegni mjini Padua, kilichotabarukiwa mwaka 1305, alimchora Bikira Maria amemkumbatia Mwanae aliyeshushwa msalabani, uso kwa uso. Anga ni la buluu. Dhahabu imesalia katika duara za nuru vichwani. Malaika wanalia hewani, na chini wanawake wawili wameketi wametugeuzia migongo, kama watu wanavyoketi matangani. Nani kati yetu hajapata kuketi hivyo?

Yapata mwaka 1427, huko Florence, Masaccio alichora Utatu Mtakatifu ukutani mwa kanisa la Santa Maria Novella. Kwa hesabu ya mistari inayokutana mahali pamoja, ukuta ule waonekana kama umechimbwa chumba. Mume na mke wanaosali kandokando wamepiga magoti, nao ni wakubwa sawa na watakatifu.

Wako wanaosema kwamba hapo binadamu alijitwalia nafasi ya Mungu. Mimi sikubali. Mwana wa Mungu alitwaa mwili wa kweli, na mwili wa kweli una uzito na kivuli. Lakini hatari ilikuwapo, nayo ipo hata leo: kumsifu mchoraji, na kumsahau Msulibiwa.

Jioni mtakapokusanyika kwa Rozari, utazameni msalaba wa nyumbani kwenu. Je, macho ya Bwana yamefumbuliwa, au yamefumbwa? Waulizeni watoto, kisha waelezeni sababu.