Wasiwasi Usiokoma, na Dawa Yake

Neno la kutafakari: Marko 5:25–34



Katika habari tuliyoitaja hapo juu twasoma juu ya mwanamke aliyeugua miaka kumi na miwili. Wengi wetu tukihubiri habari hii huikimbilia ile sehemu ya kugusa vazi, nasi hupita upesi juu ya neno moja la Marko: kwamba mama yule alikwisha kuzunguka kwa matabibu wengi, wakamtaabisha, mali yake ikaisha, wala hakupona. Sisi nasi tulikuwa wahubiri wa namna hiyo, mpaka mama mmoja wa usharika wetu hapa Manzese alipotufundisha kuisoma habari hii upya. Twaandika kwa ruhusa yake, na mambo machache tumeyageuza ili asitambulikane.

Mama huyu huuza vitumbua alfajiri karibu na Barabara ya Morogoro. Ana watoto wawili, naye ni mtu wa bidii. Yapata miaka kumi iliyopita alianza kunawa mikono kupita kiasi. Msomaji atasema, Kunawa ni jambo jema. Ndivyo tulivyosema sisi pia. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, na Manzese ikiwa bado katika wilaya ya Kinondoni, tuliwahimiza watu wote wanawe. Tena mwaka 2020, wakati wa korona, tuliweka ndoo na sabuni mlangoni pa kanisa. Basi tulimsifu mama huyu mbele ya wenzake.

Lakini hakuwa akinawa kwa ajili ya kipindupindu. Alinawa kwa ajili ya Meza ya Bwana. Alikuwa amesikia mahubiri juu ya wale walao pasipo kustahili, yaani maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, na tangu siku ile aliona kwamba mikono yake si safi kupokea mkate. Akanawa mara tatu, kisha saba, kisha hakuweza tena kuhesabu. Wenyeji wa Manzese wajua nyumba zetu zilivyo: wapangaji wengi, ua mmoja, na bomba likikauka maji hununuliwa kwa ndoo. Jumapili moja alimaliza ndoo tisa kabla ya jua kuchomoza. Ngozi ya mikono ikapasuka ikatoka damu, na wapangaji wenzake wakanung'unika, na haki walikuwa nayo.

Kisha taabu ikaingia katika sala. Alipofika katika Sala ya Bwana mahali pa kulitukuza Jina, wazo la matusi lilimjia kwa nguvu, wazo ambalo mdomo wake haujapata kulisema. Akaanza sala tangu mwanzo. Wazo likaja tena, akaanza tena. Huku nyuma unga wa vitumbua uliokwisha kuumuka ulifurika ukamwagika chini, na wateja wakaenda kwa mwingine.

Ndipo alipotujia. "Baba Mchungaji, je, nimesamehewa?" Tukamjibu kwamba amesamehewa, tukamwekea mikono, tukamtangazia ondoleo la dhambi kama ilivyo desturi ya Kanisa letu. Uso wake ukang'aa. Kabla hajafika langoni akarudi: je, labda hakuungama sawasawa? Tukamwambia tena. Baadaye alitupigia simu usiku, nasi tulijibu kila mara, tena tulijiona wachungaji wenye saburi kubwa. Juma moja tulihesabu, tukaona tumemtangazia ondoleo la dhambi mara thelathini na moja. Na kila mara utulivu wake ulidumu muda mfupi kuliko mara iliyotangulia.

Hili ndilo kosa letu, nasi twaliungama mbele ya wasomaji. Tulidhani twazima moto, kumbe twaumwagia mafuta ya taa.

Wengine walifanya mabaya zaidi. Mganga mmoja alimwambia ana jini la usafi, akachukua fedha ya cherehani yake aliyoiuza. Katika nyumba moja ya maombezi walimfungisha siku tatu, wakampiga makofi ili pepo atoke. Pepo hakutoka, maana hakuwamo. Mama akarudi amekonda, naye sasa alikuwa na hofu ya pili: kwamba amemtenda dhambi Roho Mtakatifu, na ndiyo sababu haponi.

Ugonjwa huu si mgeni katika nchi hizi. Jina lake tunalo vinywani kila siku, wala hatulifikirii: wasiwasi. Neno hili lilikuja pwani kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono. Jirani zetu Waislamu wanamfahamu vema mtu arudiaye udhu mpaka sala impite, na wanazuoni wao wa zamani walimwagiza asiusikilize mnong'ono ule, aendelee na sala yake. Tabibu wao mmoja, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo aliyahesabu mawazo haya ya kung'ang'ania kuwa ni maradhi yenye matibabu yake. Twaona haya kidogo kwamba sisi, baada ya miaka zaidi ya elfu, tulikuwa bado tukitafuta pepo.

Tena Walutheri tungalipaswa kuujua kuliko wengine. Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa Augustino huko Erfurt mwaka 1505. Aliungama kwa saa nyingi mfululizo, akatoka, akakumbuka dhambi ndogo aliyoisahau, akarudi. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alichoka naye. Lakini mzee yule alikuwa na busara ambayo sisi hatukuwa nayo: hakumwongezea maungamo. Alimgeuza macho amtazame Kristo aliyejeruhiwa, akampa kazi ya kusoma na kufundisha, na mwaka 1512 Luther akawa mwalimu mkuu wa Maandiko huko Wittenberg. Na mwaka 1530 Luther mwenyewe alimwandikia kijana Jerome Weller, aliyesumbuliwa na mawazo mazito, kwamba asishindane na mawazo hayo kwa kubishana nayo, bali aepuke upweke, acheke na wenzake, hata ayafanyie mzaha. Hatusemi kwamba Luther alikuwa na ugonjwa huu. Maiti hapimwi na daktari. John Bunyan naye, ambaye wazee wetu wamsoma katika Safari ya Msafiri, alieleza mwaka 1666 jinsi sauti ilivyomsumbua moyoni mchana na usiku kwamba amwuze Kristo.

Wataalamu wa leo waueleza ugonjwa wenyewe hivi. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo lijalo bila kuitwa, nalo humtia mtu hofu au kinyaa. Ya pili ni tendo analolirudia ili hofu itulie: kunawa, kuhesabu, kurudi kulitazama kufuli, kuuliza, kuungama. Tendo humpa nafuu kidogo, na nafuu ile ndiyo mtego, kwa kuwa moyo hujifunza kwamba pasipo tendo lile hauna salama. Katika kila watu mia, mmoja mpaka watatu hupatwa na ugonjwa huu katika maisha yao. Wako akina mama wajiwao na wazo la kumdhuru mtoto wao mchanga kwa kisu, nao huficha visu vyote vya nyumbani na kulia peke yao. Wazo la namna hiyo si tamaa yao. Humtisha mama kwa sababu ampenda mtoto. Mama wa namna hii asitazamwe kama mwuaji, bali apelekwe kwa daktari.

Aliyemwokoa mama yetu katika kuzungukazunguka kwake hakuwa mchungaji. Alikuwa muuguzi mmoja mshiriki wetu, aliyeiona mikono ile wakati wa kupeana amani. Akampeleka Muhimbili, mahali penye idara ya magonjwa ya akili. Daktari alimwuliza, je, kuna wazo likujialo kwa nguvu, usilolitaka, nawe huwezi kulifukuza? Mama akalia sana. Alituambia baadaye kwamba katika miaka ile yote hakuna mtu aliyemwuliza neno hilo. Wote walimwuliza amefanya nini.

Alipewa dawa, iitwayo fluoksetini. Iko na nyingine ya zamani zaidi, klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Wagonjwa wajue kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku mbili au tatu. Yafaa kungoja majuma manane mpaka kumi na mawili, na mara nyingi kipimo kikubwa huhitajika, wala mtu asiache ghafula bila daktari kujua. Mama yetu aliacha baada ya majuma matatu, akisema hazifai. Ikabidi aanze tena.

Lakini tiba iliyoutikisa ugonjwa ilikuwa ile ya kuikabili hofu na kujizuia kulirudia tendo. Tiba hii ilianza kujulikana mwaka 1966, wakati Victor Meyer wa London alipoandika habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia hiyo, na tangu hapo imejaribiwa katika nchi nyingi. Kazi yake ni hii. Mtaalamu na mgonjwa huziandika hofu kama vidato vya ngazi, kutoka ndogo mpaka kubwa. Kidato cha kwanza cha mama yetu kilikuwa kushika chuma ndani ya basi la mwendokasi, kisha kukaa dakika tano asinawe. Hofu ilipanda, akatetemeka, akaona atakufa. Lakini hofu ni kama maji ya pwani, hujaa kisha hupwa yenyewe, na mtu anawaye kila yanapojaa hapati kamwe kuyaona yakipwa. Safari ya pili alikaa robo saa. Mwezi wa tatu alikuwa akila kitumbua chake mwenyewe sokoni kwa mkono ulioshika fedha. Sisi hatumshauri msomaji afanye hivyo kila siku, ilikuwa dawa.

Ndipo mtaalamu yule alipotuita sisi. Akatuambia kwa adabu kwamba jibu letu ni sehemu ya ugonjwa, na kwamba mama akituuliza kama amesamehewa, tusimjibu tena. Twakiri kwamba tulikasirika. Je, mtu asiyejua kazi yetu atatufundisha kuwanyima watu ondoleo la dhambi? Tulirudi nyumbani kwa miguu, tusipande basi, kwa ajili ya hasira ile.

Usiku tulifikiri juu ya ubatizo. Mtu akija kwetu akisema, nibatize tena, maana nina shaka kama ule wa kwanza ulishika, hatumbatizi. Twamwambia umebatizwa. Tukimbatiza mara ya pili, twaungama kwa matendo yetu kwamba neno la Mungu la kwanza lilikuwa dhaifu. Basi sisi tulifanya nini mara thelathini na moja kwa juma? Tulimhubiria mama yule, pasipo kujua, kwamba msamaha huoza kama samaki, hauna budi kuletwa mpya kila saa. Kesho yake tulimpigia simu mtaalamu tukakubali.

Tukapatana watatu hivi: mama atasikia ondoleo la dhambi Jumapili pamoja na watu wote, mara moja; akiuliza tena, tutamjibu kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa, kisha tutamwuliza habari za biashara. Juma la kwanza lilikuwa gumu kwake na kwetu pia. Alilia mlangoni, nasi tulisimama ndani mkono ukiwa juu ya komeo. Kumfariji kulikuwa rahisi sana kuliko kumpenda.

Kwa hiyo twawaomba wachungaji wenzetu, wainjilisti, na wazee wa sharika. Mtu akiungama dhambi ileile kila siku, wala hana utulivu, msimwongezee maombi ya kufukuza pepo wala mfungo. Mwulizeni kama mawazo na matendo hayo hula zaidi ya saa moja ya siku yake, na kama yaharibu kazi, usingizi, au nyumba yake. Ikiwa ndivyo, aende hospitali penye huduma ya afya ya akili, nanyi mwende naye. Na akisema kwamba ametamani kufa, mwende naye siku hiyohiyo. Akipata mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, aulize kama mtaalamu huyo aijua tiba ya kuikabili hofu na kujizuia. Maana mazungumzo ya faraja tu, hata yakiwa mema, hayauponyi ugonjwa huu, kama yetu yasivyouponya. Wataalamu wa namna hii ni wachache katika nchi yetu, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Foleni ni ndefu na nauli ni fedha. Hapo ndipo sanduku la diakonia lina kazi. Wala hospitali ya wagonjwa wa akili si nyumba ya aibu kwa Walutheri. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilijengwa na misheni mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Wazee wetu waliwatunza kabla serikali haijawajengea nyumba.

Mama yetu hajapona kabisa. Bado hunawa kuliko mtu mwingine, na wiki za Kwaresima humlemea. Lakini Jumapili iliyopita alikuja na mikono iliyonawa mara moja, akapokea mkate, akala. Baada ya ibada alitukaribia mlangoni, akafumbua kinywa. "Baba Mchungaji, je, nime—" Tukamwuliza vitumbua vyauzwaje sasa, sukari ilivyopanda. Alitutazama kitambo, akacheka, akasema sukari imemtesa kweli, kisha akawaita watoto wake wakaondoka.